Mti mpya hautatuponya tukizidi kuchezea dawa

Majuma machache yaliyopita nilimtembelea jirani yangu wa zamani katika mtaa wa Langas, hapa Eldoret. Nilimkuta ameketi nje ya nyumba, mwanawe wa miaka tisa amelala kwenye mkeka kando yake, amekonda hata mbavu zahesabika. Mtoto huyo ndiyo kwanza alikuwa ametoka hospitalini, alikolazwa siku kumi na mbili kwa homa ya matumbo, ile ambayo wengi wetu huiita taifodi.

Ugonjwa wenyewe haukunishangaza, kwani taifodi si mgeni kwetu. Kilichonishangaza ni njia aliyopitia kabla ya kufika hospitalini. Mara ya kwanza mama yake alikwenda kwa kemisti akanunua vidonge vya siku tatu, kwa sababu pesa alizokuwa nazo zilitosha siku tatu. Homa ikashuka, naye akashukuru Mungu. Juma lililofuata homa ikarudi. Akauziwa vidonge vya rangi nyingine. Mara ya tatu akapigwa sindano katika kliniki moja ya mtaani. Mtoto alipozidiwa ndipo akakimbizwa hospitalini, damu yake ikatolewa, viini vikaoteshwa katika maabara na kujaribiwa dawa moja baada ya nyingine. Jibu likawa kwamba dawa zote alizokuwa amekwisha kutumia hazikuviua viini hivyo.

"Mzee," mama huyo akaniambia, "si heri turudi kwa miti shamba? Hizi dawa za wazungu zimechoka."

Nimelifikiria neno lake tangu siku hiyo. Sitaki kulicheka, kwa maana lina ukweli ndani yake. Lakini pia lina hatari, na hatari yenyewe ndiyo ninayotaka kuizungumzia leo.

Janga lililo mlangoni

Kwanza, ni kweli kwamba dawa zinashindwa. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 pekee watu milioni 1.27 walikufa duniani kwa sababu viini vilivyowaambukiza havikusikia dawa. Waliokufa huku usugu huo ukichangia kwa njia moja au nyingine walikaribia milioni 5. Mzigo mzito kuliko wote ulikuwa huku kwetu Afrika, kusini mwa jangwa la Sahara.

Hapa Kenya dalili zilianza kuonekana zamani. Kufikia miaka ya mwisho ya 1990, viini vya taifodi vilivyochunguzwa Nairobi vilikuwa vimekwisha kuzizoea dawa tatu zilizokuwa tegemeo letu: kloramfenikoli, ampisilini na ile tunayoijua sana kwa jina la Septrin. Madaktari wakahamia siprofloksasini. Leo hiyo nayo imeanza kuyumba. Katika wadi za watoto wachanga mambo ni mabaya zaidi, kwani kuna kiini kiitwacho klebsiela ambacho katika hospitali nyingi za Afrika kinawashambulia vitoto vya siku mbili tatu, na dawa za kukiua zinazidi kupungua mwaka baada ya mwaka.

Viini hujifunzaje? Hakuna uchawi. Bakteria mmoja akipata chakula na joto aweza kujigawa akawa wawili kwa muda wa dakika ishirini hivi. Kufikia kesho asubuhi wamekuwa mamilioni, na katika mamilioni hayo hawakosi wachache waliozaliwa na kasoro inayowafaa: huyu ana kimeng'enya cha kuikatakata penisilini, yule ana njia ya kuitapika dawa kabla haijamdhuru. Dawa ikitumiwa nusunusu, wanyonge hufa na wale wachache sugu hubaki na uwanja wote. Isitoshe, bakteria huweza kupeana vipande vya urithi, hata wale wasio wa jamii moja, mithili ya wezi wanaoazimana funguo.

Alexander Fleming, Mskoti aliyeigundua penisilini mwaka 1928, alituonya mapema. Alipopokea Tuzo ya Nobel mnamo Desemba 1945 alisema wazi kwamba siku itafika ambapo dawa hiyo itaweza kununuliwa na yeyote dukani, na kwamba mtu asiyejua atajipimia kiasi kidogo mno na kuvizoesha viini vyake. Ni zaidi ya miaka 80 sasa. Mtu aliyekuwa akimzungumzia ndiye mimi na wewe.

Tumeyaleta sisi wenyewe

Ebu tembea katika barabara zozote za katikati ya jiji letu, uhesabu maduka ya dawa. Kisheria antibiotiki haziuzwi bila cheti cha daktari, na Bodi ya Dawa na Sumu ndiyo iliyokabidhiwa kazi ya kulinda sheria hiyo. Lakini ni nani kati yetu hajawahi kuingia dukani akasema, "Nipe za mafua," akatoka na amoksilini? Mafua huletwa na virusi, na amoksilini haina habari na virusi. Umeinunua bure, na bakteria wema walio tumboni mwako ndio walioadhibiwa.

Kisha kuna kile kipimo cha taifodi ambacho kimegeuka kuwa biashara mitaani, kipimo cha Widal. Unadungwa kidole au mkono, baada ya dakika chache unaambiwa, "Una taifodi na malaria." Msomaji, yafaa ufahamu kwamba kipimo hicho hakikitafuti kiini chenyewe. Hutafuta alama za vita ambazo mwili umebaki nazo, na alama hizo zaweza kuwa za ugonjwa uliokupata mwaka juzi, au za viini vingine kabisa. Kipimo cha kutegemewa ni kuotesha damu maabara, jambo linalochukua siku kadhaa na gharama zaidi. Ndiyo maana maelfu ya watu hunywa dawa kali za taifodi wasiyokuwa nayo, na yule mwenye taifodi ya kweli hukuta dawa zimekwisha kuzoewa.

Hali kadhalika shambani. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na maziwa. Ng'ombe akivimba kiwele, wengi wetu hatumwiti daktari wa mifugo. Twaenda dukani, twanunua chupa na sindano, twamdunga wenyewe. Lebo ya dawa husema maziwa yasiuzwe kwa siku kadhaa, lakini ni wangapi huyamwaga maziwa hayo wakati karo ya shule inangoja? Hivyo mteja wa mjini hunywa chai yenye chembechembe za dawa asiyoandikiwa na mtu. Wafugaji wa kuku nao huitia tetrasaiklini katika maji ya vifaranga walio wazima, ati kuzuia magonjwa.

Wapo watakaosema ninawalaumu maskini. La hasha. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2017 ulidumu siku 100, na ule wa mwaka 2024 siku 56. Katika siku hizo zote kemisti ndiye aliyekuwa daktari wa mwananchi, naye hakufunga mlango. Mama wa Langas hakununua vidonge vya siku tatu kwa ujinga, alivinunua kwa sababu mfuko wake uliishia hapo. Serikali inayotaka watu wamalize dozi yapaswa kuhakikisha kwamba dozi nzima inapatikana katika zahanati ya umma, kila siku, kwa bei ambayo mtu aweza kulipa.

Je, miti shamba?

Turudi kwenye swali la mama. Je, hakuna jibu katika misitu yetu?

Kwanza nimwondolee wazo kwamba antibiotiki ni "dawa za wazungu" na miti shamba ndiyo ya asili. Penisilini ilitokana na ukungu, ule ule unaoota juu ya mkate uliolala. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya kutibu kifua kikuu, ilitokana na bakteria wa udongoni mwaka 1943. Erithromaisini ilitokana na udongo uliochotwa katika kisiwa kimoja cha Ufilipino mwaka 1949. Karibu antibiotiki zote za asili zilizo hospitalini zilianzia kwa ukungu na bakteria wa ardhini. Maumbile ndiyo duka la kwanza la dawa.

Na mimea yetu si bure. Uchukue mti ambao Wakikuyu huuita muthiga, Wamaasai osokonoi na Wakipsigis soget. Wanasayansi huuita Warburgia ugandensis. Gome lake huwasha kama pilipili, na wazee wamelitafuna tangu jadi kwa kikohozi na maumivu ya tumbo. Katika miaka ya 1970 wanakemia waliohusiana na kituo cha ICIPE jijini Nairobi walichambua gome hilo na kupata humo kemikali kadhaa, miongoni mwake waburganali na poligodiali. Baadaye poligodiali ilionekana kuwa na nguvu dhidi ya hamira na ukungu. Wazee hawakuwa wakibahatisha.

Asali nayo yajulikana. Ina sukari nyingi inayowanyonya viini maji, ina uchachu, na hutoa kemikali ile ile inayotumiwa kuoshea vidonda. Hospitali za ng'ambo leo hufunga vidonda kwa asali iliyotakaswa. Bibi zetu wa Baringo hawakungoja hospitali hizo ziwafundishe. (Lakini mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asilambishwe asali, kwani yaweza kubeba mbegu za viini vyenye kutoa sumu, ambavyo tumbo lake halijaviweza.)

Sasa sikiliza upande wa pili. Mwanafunzi wa chuo akichemsha majani, akamwaga maji yake juu ya viini katika kisahani cha maabara, viini vikafa, magazeti huandika kwamba dawa imepatikana. Lakini siki pia huua viini katika kisahani. Jik huviua kuliko vyote, na hakuna anayeinywa. Kazi ngumu ni kupata kitu kitakachoviua viini ndani ya damu ya mtu bila kumuua mtu mwenyewe. Ni lazima ijulikane kiasi cha kumeza, ni saa ngapi dawa hukaa mwilini, inalifanya nini ini na figo, na yamfaa au haimfai mja mzito. Kazi hiyo huchukua miaka kumi au zaidi, na dawa nyingi huanguka njiani.

Kuwa kitu ni cha asili na cha jadi si hati ya usalama. Mursik yetu tunaiamini, na mkaa wa senetwet unaosugulia kibuyu hauna lawama ninayoijua. Lakini mwaka 2013 watafiti, wakiwemo wa Hospitali ya Tenwek kule Bomet, walichapisha kwamba maziwa hayo yakichachuka huweza kuwa na asetaldehaidi, kemikali inayoshukiwa kuchangia saratani ya umio iliyo nyingi katika eneo hili. Sisemi tuvunje vibuyu. Nasema jadi nayo yapaswa kupimwa.

Tena tusisahau Loliondo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walifunga safari hadi kijiji cha Samunge nchini Tanzania kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi mia tano za huko. Kikombe kimoja, magonjwa yote. Baadhi ya wagonjwa waliacha dawa zao za ukimwi na kisukari. Mchungaji huyo alifariki mwaka 2021, na magonjwa yale yangali nasi.

Viini havijui jani na kidonge

Hoja yangu kubwa ni hii. Hata tukipata kesho dawa mpya kabisa kutoka katika gome la mti wa Kaptagat, viini vitaizoea kama vilivyozizoea nyingine, endapo tutaitumia kama tulivyozitumia nyingine. Mwaka 2011 wanasayansi walitangaza kwamba katika udongo wa Kanada uliokuwa umeganda kwa miaka 30,000 walikuta chembe za urithi za usugu wa dawa. Yaani kabla mwanadamu hajatengeneza kidonge hata kimoja, viini vilikuwa vimekwisha kupigana na sumu za ukungu na kujifunza kuzikinga. Kwa kiini, sumu ni sumu, iwe imetoka katika jani au katika kiwanda.

Malaria imetufundisha somo hilo. Artemisinini ilitolewa katika mmea wa pakanga huko Uchina katika miaka ya 1970, na bingwa aliyeitoa, Tu Youyou, akapewa Nobel mwaka 2015. Ilikuwa dawa ya mti shamba iliyopimwa ikathibitika. Lakini kufikia mwaka 2021 watafiti walikuwa wametoa ushahidi kwamba vimelea vya Rwanda na Uganda vimeanza kuizoea. Uganda si mbali. Malori yao hupita hapa Eldoret usiku na mchana.

Wala tusidhani kampuni kubwa zitatuokoa. Dawa mpya ya viini ikipatikana, madaktari huiweka kabatini iwe akiba, nayo kampuni haiuzi. Kampuni ya Achaogen ya Marekani ilipata kibali cha antibiotiki mpya mwaka 2018. Mwaka 2019 ikafilisika.

Tufanye nini?

Nayasema haya kwa sababu jiji letu, lililopewa hadhi hiyo Agosti 2024, lina vifaa ambavyo miji mingi ya Afrika haina. Tuna Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi. Tuna Chuo Kikuu cha Moi na shule yake ya utabibu, na Chuo Kikuu cha Eldoret chenye wataalamu wa udongo na mimea. Kuna misitu pande za Keiyo na Nandi, na maziwa ya chumvi yenye chemchemi za moto bondeni.

Kwanza, maabara za kuotesha viini zisibaki katika hospitali kuu pekee. Hospitali za kaunti zipewe uwezo huo, na ile biashara ya Widal mitaani ikomeshwe. Kenya ina mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa dawa tangu mwaka 2017. Mpango ulioandikwa vizuri hautibu mtu, unahitaji pesa.

Pili, tuchunguze mimea na udongo wetu sisi wenyewe, na tudai haki yetu. Ripoti moja ya mwaka 2006 ilifichua kwamba dawa ya kisukari ya kampuni ya Bayer, Glucobay, ilitokana na bakteria aliyechukuliwa Ziwa Ruiru. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilijitokeza kudai fungu la Kenya kwa vimeng'enya vya viini vya Ziwa Bogoria vilivyokuwa vikitumiwa ng'ambo kupausha suruali za jeans. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya kuhusu kugawana faida hizo mwaka 2014. Sheria ipo, lakini sheria haina faida kwa nchi isiyo na watafiti wa kuitumia. Na miti yenyewe ilindwe. Muthiga ukiambuliwa gome pande zote hufa, na hakuna maabara itakayochunguza mti uliokwisha.

Tatu, waganga wa miti shamba wasifukuzwe, wala wasiachiwe holela. Wakae na wanasayansi, wataje wanachojua, na wakipatikana na jambo la maana walipwe.

Nne, tuzuie ugonjwa kabla ya kuutibu. Mwezi Julai 2025 Serikali ilianza kuwachanja watoto dhidi ya taifodi. Mpeleke mwanao. Mtoto aliyechanjwa, anayekunywa maji safi na kunawa mikono atokapo chooni, hahitaji kidonge. Bomba la maji lililofika Langas na Huruma litapunguza usugu kuliko mti wowote.

Na wewe msomaji, usinunue antibiotiki kwa mafua. Ukiandikiwa na daktari, tumia kama ulivyoagizwa. Usimpe jirani vidonge vilivyobaki. Ukiwa unatumia mti shamba, mwambie daktari wako bila haya, kwani baadhi ya mimea hugombana na dawa. Na kama una ng'ombe, heshimu siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Nilimjibu mama yule wa Langas kwamba dawa hazichoki zenyewe, sisi ndio tunaozichosha. Alinyamaza kidogo, akamtazama mtoto wake. Kisha akaingia ndani akatoka na mfuko wa karatasi. Ulikuwa na vidonge vya duru ya pili, nusu pakiti, alivyokuwa amemwekea mdogo wake mtoto huyo, endapo naye ataugua.

Alinikabidhi mfuko huo niurudishe hospitalini. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nyufa zetu nyingi zimo kabatini mwetu. Leo jioni, fungua lako uangalie.